Redio, Kishikwambi na Mwalimu Asiyelipwa: Mashine za Kufundishia na Mwambao wa Ziwa Mweru, 1949–2022

Ikisiri

Mjadala kuhusu kompyuta na mwalimu huendeshwa mara nyingi kana kwamba mashine humkuta mwalimu darasani na kushindana naye. Makala haya yanaonesha kwamba katika maeneo ya pembezoni kama Puta, kwenye mwambao wa Ziwa Mweru nchini Zambia, historia imekwenda kinyume. Mashine ilifika mahali ambapo mwalimu alikuwa ameshakosekana, nayo kila ilipofika ilihitaji binadamu wa kusimama kando yake. Kwa kufuatilia redio, mafunzo ya masafa na vishikwambi, na kwa kulinganisha hali hiyo na jaribio lililofanyika Tanga nchini Tanzania, makala yanadai kwamba kilichobadilishwa na mashine ni mafunzo na mshahara wa mwalimu. Mwalimu mwenyewe hakuondoka.

Utangulizi

Puta ni makao ya mtemi wa Wabwile, kaskazini mwa Nchelenge, katika ukanda wa ziwa unaotazamana na Katanga. Kwa barabara inayopita Serenje na Mansa, mahali hapa pako zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Lusaka. Pweto na Kilwa, miji ya upande wa Kongo, iko karibu zaidi kuliko mji wowote mkubwa wa Zambia, na biashara ya samaki imewazoeza watu wa pande zote mbili kusikilizana kwa Kibwile, Kibemba na Kiswahili. Kiswahili si mgeni hapa. Misafara ya watu wa pwani ilifika katika nchi ya Kazembe kabla ya Livingstone kuliona ziwa hilo mwezi Novemba 1867.

Umbali huo ndio unaolifanya eneo hili lifae kwa swali linalojadiliwa. Mjini, pendekezo la kuweka kompyuta mahali pa mwalimu ni tishio kwa ajira ya mtu anayejulikana kwa jina. Katika kijiji ambacho mwalimu aliyepangiwa hakuripoti, au aliripoti akaomba uhamisho, pendekezo hilohilo husikika kama msaada. Ni lazima mtafiti ajihadhari na sauti hizi mbili, kwani zote husema kweli kwa sehemu.

Mwalimu aliyebeba maneno ya wengine

Kabla ya kuizungumzia mashine, inafaa kumwangalia mwalimu ambaye mashine inadaiwa kumwondoa. Shule za kwanza za bonde la Luapula na mwambao wa Mweru zilikuwa za misheni. Dan Crawford na wenzake walijenga Luanza, ukingo wa magharibi wa ziwa, katika miaka ya 1890. London Missionary Society ilifungua Mbereshi mwaka 1900. Mbereshi ilipata umaarufu kwa shule ya wasichana iliyoongozwa na Mabel Shaw kuanzia 1915 hadi 1940, lakini elimu iliyowafikia watoto wengi haikuwa ile ya bweni. Ilikuwa ya shule ndogo za vijijini, ambako kijana aliyejua kusoma alitumwa na misheni na chati ya silabi, kitabu kimoja au viwili, na maelekezo ya nini kifundishwe.

Kijana huyo hakuwa mwalimu kwa maana ya chuo. Elimu aliyoibeba ilikuwa imeandaliwa kwingine, naye aliifikisha. Serikali ya kikoloni ililiona tatizo hilo, hasa baada ya Tume ya Phelps-Stokes kupita Rhodesia ya Kaskazini mwaka 1924, na jibu lake lilitokana na mfano wa walimu wa Jeanes, uliokuwa umeanza kutumika Kabete, Kenya, mwaka 1925. Mwalimu wa Jeanes alikuwa msimamizi anayezunguka, akikaa na walimu dhaifu wa vijijini, akiwaonesha namna ya kufundisha na kurudi tena baada ya muda. Mpango huo ulikuwa na kasoro zake, ikiwamo dhana kwamba Mwafrika wa kijijini alihitaji elimu ya kijijini tu. Hata hivyo, ulitambua jambo ambalo mipango mingi iliyofuata ililisahau: anayebeba somo lililoandikwa na mwingine anahitaji mtu wa kumtembelea.

Redio ya sufuria

Mashine ya kwanza ya kufundishia iliyoenea nchini ilikuwa redio. Kituo cha utangazaji cha Lusaka kilianzishwa mwaka 1941, wakati wa vita, na mkurugenzi wa habari Harry Franklin alihangaika kwa miaka kadhaa akitafuta kiwanda kitakachotengeneza redio ya bei ambayo Mwafrika angeweza kuimudu. Mwaka 1949 ilipatikana. Ilitumia betri kavu, bei yake ilikuwa pauni tano, na kwa kuwa majaribio yake yalifanywa kwa kutumia umbo la sufuria ya alumini, iliitwa redio ya sufuria. Matangazo yalikuwa katika Kibemba na lugha nyingine za nchi. Kwa mara ya kwanza sauti ya Lusaka ilimfikia mvuvi bila kupitia kwa mmisionari wala karani wa boma.

Redio hiyo ilifundisha mambo mengi, lakini haikudai kuwa mwalimu. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1964 ikiwa na wahitimu wa chuo kikuu takriban mia moja, hakuna aliyefikiri kwamba pengo hilo lingezibwa na matangazo. Serikali ya Kaunda ilitumia fedha za shaba kujenga shule na vyuo vya ualimu. Mwaka 1966 Chuo Kikuu cha Zambia kilifunguliwa, na Kiingereza kikafanywa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Uamuzi huu wa pili ulikuwa mzito kwa mwambao wa Mweru: mtoto wa Puta alianza shule kwa lugha ambayo hakuisikia nyumbani, sokoni wala ziwani, na mtu pekee aliyeweza kumvusha alikuwa mwalimu aliyejua, hata kwa kuibia, kumweleza jambo kwa Kibemba.

Nchini Tanzania, katika miaka hiyohiyo, redio ilitumika kwa namna nyingine. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwafikia watu wazima wapatao milioni mbili, lakini haikuwaacha na redio peke yake. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefunzwa kabla ya matangazo kuanza, na baada ya kipindi watu walijadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Redio ilitoa somo, kikundi kikalifanyia kazi.

Kutoka kompyuta ya Stanford hadi Taonga Market

Uhusiano kati ya redio na kompyuta una asili ambayo haizungumzwi mara nyingi. Patrick Suppes, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Stanford, alikuwa miongoni mwa waasisi wa ufundishaji wa watoto kwa kompyuta mwanzoni mwa miaka ya 1960. Katika makala yake ya mwaka 1966 alitabiri kwamba mamilioni ya watoto wangepata kile alichokipata Aleksanda wa Makedonia peke yake, yaani mwalimu binafsi wa kiwango cha Aristotle. Nguvu ya mashine yake ilikuwa katika kulisikia jibu. Mtoto alijibu, kompyuta ikapima, na swali lililofuata likategemea jibu hilo.

Katikati ya miaka ya 1970 kundi hilohilo la Stanford lilikwenda Nikaragua kufundisha hisabati ya shule za msingi. Kompyuta haikuwezekana kwa gharama zake, hivyo wakachukua redio. Mbinu waliyoiunda ndiyo inayoitwa sasa ufundishaji wa redio wa majibizano: sauti huuliza, hunyamaza kwa sekunde chache ili watoto wajibu kwa pamoja, kisha hutaja jibu sahihi na kuendelea. Ilipelekwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 kufundishia Kiingereza, na mwaka 2000 ikaingia Zambia kwa jina la Learning at Taonga Market, ikiandaliwa na idara ya matangazo ya elimu ya Wizara ya Elimu pamoja na Education Development Center ya Marekani, kwa ufadhili wa USAID.

Hapa pana kinaya ambacho historia ya teknolojia ya elimu haijakizingatia vya kutosha. Kilichokatwa ili mashine ya Stanford iweze kumudika katika nchi maskini ni sikio lake. Redio huwasifu watoto kwa jibu ambalo haikulisikia. Kazi ya kusikia, ile iliyoifanya kompyuta ifananishwe na Aristotle, ilirudishwa kwa binadamu aliyekaa darasani.

Ni nani binadamu huyo? Ili kumwelewa ni lazima kukumbuka hali ya Zambia ya miaka ya 1990. Bei ya shaba ilikuwa imeanguka, masharti ya kurekebisha uchumi yalizuia ajira serikalini, na UKIMWI ulikuwa ukiwamaliza walimu. Takwimu iliyonukuliwa sana wakati huo ilitaja walimu wapatao 1,300 waliofariki katika miezi kumi ya kwanza ya mwaka 1998, idadi iliyokaribia theluthi mbili ya walimu wapya waliohitimu kwa mwaka. Wazazi na makanisa walianzisha shule za jamii, chini ya mti, kanisani au katika banda la nyasi. Sera ya elimu ya mwaka 1996 ilizitambua, na sekretarieti ya kuziratibu ikaundwa. Aliyefundisha humo alikuwa kijana au mama wa kijiji aliyemaliza madarasa kadhaa. Malipo yake yalikuwa shukrani, mahindi, wakati mwingine samaki.

Huyo ndiye aliyepewa redio. Mradi ulimpa mafunzo mafupi, kitabu cha mwongozo na, palipokuwa na bahati, redio ya kuzungushwa kwa mkono au ya umeme wa jua. Kipindi kilidumu nusu saa. Kabla yake aliwapanga watoto na kuandika ubaoni yale ambayo kitabu kilimwelekeza. Wakati wa kipindi alielekeza kidole, akaimba, akatazama nani anafungua mdomo bila kutoa sauti. Baada ya kipindi aliendelea peke yake. Mradi haukumwita mwalimu. Ulimwita mwongozaji.

Jina hilo si dogo. Kwa kumwita mwongozaji, mpango ulikiri kwamba mwalimu ni sauti iliyo Lusaka, na aliyepo darasani ni msaidizi wake. Lakini kazi zilizobaki mikononi mwake, yaani kusikia, kutambua, kunyamazisha, kutia moyo na kurudia kwa lugha inayoeleweka, ndizo ambazo watu wa kawaida huziita kufundisha. Watoto wa shule hizo walijifunza. Tathmini za miradi ya namna hii katika nchi mbalimbali zilionesha mafanikio mara kwa mara, na ingekuwa dhuluma kuidharau Taonga Market, iliyowafikia yatima ambao bila yake wasingeketi darasani kabisa. Hata hivyo, mafanikio hayo yalihesabiwa kuwa ya redio.

Ziwa halisubiri kipindi

Kwenye mwambao wa Mweru kuna jambo jingine ambalo ratiba ya mashine hailioni. Kila mwaka uvuvi hufungwa kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Shule hufunguliwa Januari, wakati familia nyingi zinaishi kwa akiba na madeni. Tarehe 1 Machi ziwa hufunguliwa, muhula wa kwanza ukiwa katikati, na familia huhamia kambi za uvuvi zikiwa na watoto. Wengine hukesha na taa wakivua chisense, samaki wadogo wanaovutwa na mwanga, kisha hulala mchana. Kipindi cha redio hupita mara moja. Kishikwambi humsubiri mtoto aliyekihifadhi, lakini hakiwezi kujua kwa nini hakufika. Mwalimu anayeishi kijijini hujua, na katika mazingira kama haya ujuzi huo ni sehemu ya ufundishaji, ingawa hakuna mtaala unaoutaja.

Sikio linarudishwa: Tanga na Katete

Vishikwambi vilipofika, vilikuja na ahadi ya kurudisha sikio lililokatwa. Jaribio kubwa zaidi la aina hiyo lilifanyika kwa Kiswahili. Shindano la Global Learning XPRIZE, lililotengewa dola milioni 15, lilizitaka timu zitengeneze programu ambayo mtoto angeitumia kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu bila mwalimu. Programu tano za fainali zilijaribiwa kuanzia mwaka 2017 katika vijiji 170 vya Mkoa wa Tanga, kwa ushirikiano na UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na Serikali ya Tanzania. Watoto walikuwa karibu 2,700. Wengi wao hawakuwahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili.

Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza kusoma neno ilipungua kwa nusu. Mwezi Mei 2019 onebillion na Kitkit School zilitangazwa kuwa washindi wa pamoja. Matokeo hayo yanastahili kusomwa polepole, maana husomwa kwa haraka na pande zote mbili. Kwamba mtoto asiye na shule alijifunza kusoma akiwa na kioo mkononi ni jambo kubwa, nalo linafuta dai la wale wasemao kwamba mashine haiwezi kumfundisha mtu chochote. Wakati huohuo, nusu iliyobaki ilikaa na kifaa kizuri, chenye programu bora kuliko zote zilizoshindanishwa, kwa zaidi ya mwaka, bila kuvuka neno la kwanza. Mashine iliyosikia jibu haikuwa na la kufanya kwa mtoto aliyeacha kujibu. Tena hata Tanga hakukuwa na kijiji kilichoachiwa mashine tupu: vituo vya kuchajia kwa umeme wa jua vilijengwa, na wanakijiji wakapewa jukumu la kuvisimamia.

Zambia ilifuata njia tofauti. Kampuni ya iSchool, baadaye Mwabu, ilitengeneza masomo ya kishikwambi kwa Kiingereza na lugha saba za Zambia zinazotumika shuleni. Katika Mkoa wa Mashariki, shirika la Impact Network lilitumia masomo hayo pamoja na projekta katika shule za jamii za Katete na jirani zake. Walioendesha masomo walikuwa walimu walioajiriwa kutoka maeneo hayohayo, wakilipwa, wakipewa mafunzo na kutembelewa mara kwa mara darasani. American Institutes for Research ilipolinganisha watoto wa shule hizo na wenzao, ilikuta wamesonga mbele katika kusoma na kuhesabu. Msomaji aliyefuata historia hii atamtambua mara moja mwalimu wa Jeanes, aliyerudi baada ya takriban miaka tisini akiwa na kishikwambi.

Ikiwa mpango huo ulifanikiwa kwa sababu ya programu, kwa sababu ya mshahara au kwa sababu ya mkufunzi anayetembelea, ni vigumu kutenganisha, kwa kuwa vyote vilikuja pamoja. Ugumu huo wenyewe ni hoja. Hakuna aliyethubutu kuwapelekea watoto wa Katete programu bila mshahara na mkufunzi.

Lugha ya mashine na watoto wa Mantapala

Lugha saba zilizowekwa katika mashine ni zile zilizokubaliwa na sera, ambayo tangu mwaka 2014 ilirudisha lugha za Kizambia kuwa lugha za kufundishia katika madarasa ya kwanza hadi ya nne. Luapula ilipangiwa Kibemba. Kibwile hakimo, wala Kiswahili. Kwa muda mrefu hili halikuonekana kuwa tatizo kubwa, kwa sababu Kibwile na Kibemba viko karibu na mwalimu huziba mwanya bila kutambua kwamba anauziba.

Mwezi Januari 2018 makazi ya Mantapala yalifunguliwa wilayani Nchelenge kwa ajili ya wakimbizi waliokimbia mapigano ya Katanga na Tanganyika nchini Kongo. Watoto walifika na Kiswahili cha nyumbani na Kifaransa cha shule. Mbele yao kulikuwa na Kibemba na Kiingereza. Mtoto wa darasa la nne, mahiri wa hesabu kwa Kifaransa, aliweza kuonekana mjinga kwa sababu ya lugha ya swali tu. Mashine iliyopangwa kupima jibu ingempa alama ya chini na kumrudisha kwenye somo la mtoto mdogo, na kwa kipimo chake isingekuwa imekosea. Mwalimu yeyote wa mwambao aliyewahi kununua samaki kutoka kwa Mkongo angemuuliza swali hilohilo kwa Kiswahili.

Fedha zilipopatikana

Mwezi Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona, na wizara ikarudi kwenye redio na televisheni. Masomo yaliruka hewani. Sikio la darasani, lile la mwongozaji, lilikuwa limezuiwa kukutana na watoto.

Mwaka 2022 serikali mpya ilifuta ada hadi mwisho wa sekondari na kuajiri walimu 30,496 kwa mkupuo mmoja. Idadi hiyo ni ushahidi mzito kuliko hotuba nyingi kuhusu teknolojia. Mwaka 2000, nchi ilipokuwa na madeni na vizuizi vya ajira, ilielezwa kwamba redio inaweza kulifikia darasa lisilo na mwalimu. Madeni yalipoanza kujadiliwa upya na nafasi ya bajeti kupatikana, hakuna aliyependekeza redio 30,496. Chaguo kati ya mashine na mtu limefuata hazina ya serikali kwa karibu zaidi kuliko lilivyofuata utafiti wowote wa ujifunzaji.

Wale waongozaji wa miaka ya Taonga Market hawakuingia wote katika hesabu hiyo. Sheria ya Elimu ya mwaka 2011 ilizipa shule za jamii nafasi rasmi, lakini Sheria ya Taaluma ya Ualimu ya mwaka 2013 ilimtaka kila anayefundisha asajiliwe na Baraza la Ualimu, na usajili hudai cheti. Aliyesimama kando ya redio kwa miaka kumi, akisikiliza majibu ambayo redio haikuyasikia, hakuwa na cheti hicho. Shule yake ilipochukuliwa na serikali, mwalimu aliyepangwa kutoka chuoni alikuja na barua ya ajira, naye mwongozaji akamkabidhi daftari la mahudhurio, funguo za banda na majina ya watoto walioko kambini.